Mapigo ya Kitanda cha Dirishani

Mashine ya kitanda cha dirishani haikuwa imepiga kengele tangu asubuhi. Katika wodi ya mahututi, ambako mashine hulalamika hata mgonjwa akikohoa, wauguzi waliona ni bahati. Namba hazikusogea: mapigo sawa, presha sawa. Aliyelala hapo alikuwa mdogo wake muuguzi mkuu, aliyejifungua jana kwa upasuaji.

"Mdogo wako anatupumzisha, sista," daktari kijana alimtania. "Wote wangekuwa hivi, ningenenepa."

Muuguzi mkuu hakucheka. Palinuka nywele zilizoungua, na hapakuwa na kilichoungua. Akamshika mdogo wake mkono, akaukuta wa baridi, umelowa jasho. Midomo ilikuwa imepauka, pumzi fupi fupi.

"Dada," mgonjwa alinong'ona, "mwambie atoke kifuani."

"Nani, mdogo wangu?"

"Huyu anayehesabu."

Muuguzi mkuu akageuka. "Daktari, anavuja damu ndani."

"Mbona presha yake nzuri? Tazama skrini."

"Achana na skrini. Mshike yeye."

Daktari akatafuta mapigo mkononi, akayakosa. Akayapata shingoni, membamba, yanakimbia. Uso ukamshuka. Damu ikaagizwa na kutundikwa, chumba cha upasuaji kikaarifiwa, na muuguzi mkuu alipoinama kuchomoa waya wa mashine ile ya uongo akasikia mlio wa mapigo haukatiki, ti, ti, ti, taratibu vilevile, na skrini imezimika kabisa, tena hautoki juu bali mvunguni, wala si wa chombo bali wa kinywa, ulimi mnene unaogongwa kwenye kaakaa na mtu asiye na haraka, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, ila mikono yake ikaendelea kuukamua mfuko wa damu kwa sababu huyu alikuwa wa tumbo moja naye, na hakuwa na mwingine.

Mvunguni hapakuwa na kitu.

Jioni wakamrudisha kutoka upasuaji, mshipa uliokuwa ukivuja umefungwa. Daktari alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Muuguzi mkuu akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mdogo wake, sasa chenye joto. Mapigo yalikuwepo, ya haraka, ya mtu aliyepungukiwa damu. Machozi yakamtoka. Kisha, chini ya hayo, akahisi mengine, mazito, yasiyo na haraka, yakipiga kwa zamu yake katika mshipa uleule.

"Unayapata?" daktari aliuliza.

"Nayapata," alijibu. Hakusema ni ya wangapi.