Kisomeo Kisichoumiza

Kisomeo kilijifungua chenyewe mara tu Bi Hidaya alipokitazama. Hakubofya kitu. Macho yake yalipofika mwisho wa ukurasa, ukurasa ukageuka. Alipokunja uso kwa neno gumu, neno lile likayeyuka na jingine jepesi likakaa mahali pake.

"Loo! Kumbe kinanijua?"

"Kinasikiliza mapigo ya moyo kupitia kidole gumba, mama," alisema muuzaji. "Neno likikusumbua, kinalilainisha. Kitabu, gazeti, barua, vyote."

Kando yake kilikuwapo kingine, kizito, chenye vitufe kama rimoti ya zamani. Hicho kilionyesha maneno kama yalivyoandikwa, basi, na bei yake mara tatu. Wifi yake wa Pangani, Bi Mwanamize, alikuwa amenunua cha aina hiyo, na kutwa alivilaani vitufe vyake. Bi Hidaya, fundi cherehani wa Tanga aliyeanza kuchoka macho, alitaka jambo moja tu: kusoma barua za mwanawe wa pekee, Faki, aliyekuwa kwenye machimbo ya Mwezini. Akachukua cha rahisi. Nani asingechukua?

Kila Ijumaa Faki aliandika, na mama akacheka peke yake sebuleni. Kisha barua moja ikasema Faki ana homa kidogo. Iliyofuata ikasema amelazwa, ila anaendelea vizuri. Nyingine, hali bado, lakini madaktari wanajitahidi. Bi Hidaya akawa anashona huku anaomba dua, kisomeo hakimtoki mkononi.

Asubuhi moja mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Bi Mwanamize, uso umemvimba kwa hasira.

"Hidaya, nimekukosea nini?"

"Wifi! Karibu. Kuna nini tena?"

"Usinikaribishe! Msibani sikuja kwa sababu mguu ulikuwa kwenye plasta, unajua. Lakini arobaini ya mtoto wa kaka yangu unaifanya kimya kimya, mimi shangazi yake hata mwaliko sina?"

"Arobaini ya nani?"

"Ya Faki!"

"Astaghfirullahi! Niondolee uchuro wako hapa. Faki anaumwa, hajafa."

"Si nilikuandikia rambirambi? Ukanijibu, ahsante wifi, tuzidi kumwombea."

"Uliniandikia pole ya mgonjwa!"

Bi Mwanamize hasira ikamtoka yote. Akatoa kisomeo chake kizito, akabofya, akakosea, akabofya tena, akakiweka mezani. Barua ya machimbo, iliyotumwa kwao wote wawili, ilikuwa fupi: handaki limeporomoka, Faki amefariki papo hapo, amezikwa huko huko.

Waliotengeneza kile cha rahisi walikifundisha adabu zetu. Sisi hatumtupii mtu msiba usoni. Tunamwambia, "Mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani," tunamsogeza pole pole. Kisomeo kilijua kuanza. Lakini kila kilipotaka kumaliza, kilisikia moyo wa mama unakwenda mbio, kikaahirisha, kikatunga barua nyingine.

Bi Hidaya alisoma mara mbili. Akalia kilio cha kupasua kifua, wifi yake amemkumbatia, naye analia. Walipochoka, mkono wa Bi Hidaya ukapapasa mezani, ukakipita kile kizito, ukafika kwenye chake.

"Kitupe hicho, wifi yangu. Kinakudanganya."

"Najua. Niachie."

Kidole gumba kikagusa. Kioo kikawaka chenyewe. Bi Mwanamize alitaka kumnyang'anya, mkono ukamgomea.

"Anasemaje?" akajikuta anauliza.

Bi Hidaya akajifuta machozi kwa upindo wa kanga ili aone vizuri.

"Anasema leo amekunywa uji."