Jina Lisilotoka kwenye Upanga

Jumanne, tarehe 4 Novemba 1919, saa nane mchana, ndipo mambo yalipogeuka katika karakana ya mjane Adelheid Broch, mjini Solingen. Hadi saa hiyo siku ilikuwa ya kawaida: mvua nje, supu ya njegere jikoni, naye akipaka nta kwenye bapa la kisu kabla ya kulichora.

Kapteni Lüdeking aliingia na upanga wa gwaride. Adelheid aliutambua kabla haujatoka alani. Mpini wa kichwa cha simba, macho ya kioo chekundu. Bapa la buluu, majani ya mwaloni ya dhahabu. Marehemu mumewe ndiye aliyeupamba. Jina la mwana wao, Emmerich Broch, alilichora Adelheid mwenyewe, mkia wa herufi ya mwisho ukiwa umekunjwa, alama ya mkono wake.

"Mwanao alikataa kuwapiga risasi wanakijiji," kapteni alisema. "Tukampiga yeye. Jina lake limefutwa kikosini. Lifute na hapa."

"Nimeliandika mimi. Silifuti."

Kapteni akamgeukia Otto, msaga vyuma wa karakana. "Basi wewe."

"Mimi nasaga chuma, Kapteni. Kusaga marehemu sijafundishwa."

"Saga!"

Jiwe la kusagia likalia. Buluu ikatoka. Jina likatoka. Otto akapangusa bapa kwa tindikali, kama walivyozoea. Herufi zikapanda tena, nyeupe.

"Kosa langu," alinong'ona. "Tindikali huamsha michoro ya zamani."

Akasaga upya. Safari hii akapangusa kwa kitambaa kikavu.

Jina likarudi.

Mara ya tatu lilirudi likiwa na unyevu. Otto akaligusa. Kidole kikawa chekundu. Akaliacha jiwe, akapiga ishara ya msalaba.

"Uchawi wako huu, mwanamke!" kapteni alifoka.

"Mimi nasali rozari tu. Saga mwenyewe, Kapteni. Halitoki."

Kapteni akachomoa upanga wake mwenyewe kiunoni kumtisha. Akaganda. Penye jina lake paliandikwa Emmerich Broch. Upanga ule haukuwahi kuingia karakana ile. Lakini mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekunjwa.

Akautupa sakafuni. Akatokomea mvuani bila kofia. Hakurudi kuudai.

Adelheid aliutundika upanga huo wa kapteni ukutani, chini ya msalaba. Ukabaki hapo maisha yake yote. Kila alipoupangusa, kitambaa kilitoka na wekundu, naye alisali bila kushusha sauti:

"Ee Bwana, umpe mwanangu Emmerich pumziko la milele. Na jina lake, nawe usilifute. Amina."