Kipimo cha Kumi na Tisa

"Umekipata?" Fundi aliuliza kwenye simu.

"Bado. Nimesikiliza kumi na vinane."

"Jitahidi, mke wangu. Mteja ananipigia kila baada ya dakika tano. Anasema mlango unafungwa nyuma, yeye kwenye hedifoni anausikia mbele. Kuna mtu alitikisa kichwa wakati tunampima, ameharibu kazi yote."

"Nitakipata."

"Nipo kwenye foleni. Saa sita nitakuwa hapo."

Akakata bila kuaga. Siku hizi hakuaga tena, na mkewe alishaacha kulihesabu hilo kuwa kosa.

Watu walimwita Nesi, ingawa ulikuwa mwaka wa nne tangu avue sare aje kumsaidia mumewe studio. Mkono wake mwepesi ndio uliotakiwa. Mtu anayepimwa aliketi kwenye kiti katikati ya chumba, spika saba zimemzunguka, na Nesi akamtia maikrofoni mbili ndogo kama punje za maharage, moja kila sikio. Kila spika ililia kwa zamu, mlio unaoanza mzito na kuishia mwembamba. Maikrofoni zilinasa jinsi sauti inavyoingia sikioni kutoka kila upande. Kompyuta ikishajua hayo, mtu akivaa hedifoni tu anadanganyika kwamba sauti zinamjia kutoka pande zote za chumba. Sharti moja: asijitikise.

Akafungua kipimo cha kumi na tisa. Hakikuwa na jina, tarehe tu. Ya kumi na mbili, mwezi uliopita. Siku zile Nesi hakuwepo. Alikuwa kwa mama mkwe, wiki ya tatu, anamgeuza kitandani asipate vidonda.

Akavaa hedifoni.

Zikaja hatua za mtu nyuma yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Zilikuwa dhahiri hata akageuka kutazama. Hapakuwa na mtu.

"Tulia basi," sauti ya mumewe ikasema kwenye sikio lake la kulia, karibu kabisa.

Ilikuwa sauti ya upole. Ilimchukua muda kuitambua.

"Unanitekenya," mwanamke akacheka. Kwa kuwa maikrofoni zilikuwa masikioni mwa huyo mwanamke, kicheko kilitokea ndani ya kichwa cha Nesi, kana kwamba ni yeye anayecheka.

"Ukicheka kipimo kitaharibika."

"Kiharibike. Rudia ulichosema."

"Nimesema mwezi ujao nakuja kwenu kujitambulisha. Nimekaa peke yangu vya kutosha."

"Na marehemu mkeo? Hata mwaka haujaisha."

"Yule tulishamzika, mpenzi. Usimlete hapa."

Kisha spika zikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Nesi alizisikiliza zote saba mpaka mwisho, kwa mazoea tu ya kazi, akachukua kalamu akaandika kwenye daftari: 19, kichwa kimetikisika. Ndipo akavua hedifoni.

Sauti ya yule mwanamke aliijua. Ni ya Mtangazaji, binti aliyekuja mara kwa mara kusomea matangazo ya sabuni. Rekodi zake zilikuwa zimejaa kwenye kompyuta, ingawa wao wawili hawakuwahi kukutana; Fundi alimrekodi jioni, Nesi akiwa ameshaondoka. Namba yake ilikuwa kwenye kitabu cha wateja.

"Haloo?"

"Habari za asubuhi, mdogo wangu. Naongea kutoka studio."

"Nzuri, dada. Kuna tangazo jipya?"

"Hapana. Nina swali moja. Fundi alikwambia mke wake alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Alisema figo. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu."

"Dada, usinitanie kwa mambo kama hayo."

"Sina nguvu za utani. Tarehe kumi na mbili alikupima masikio, ukacheka, akasema mwezi ujao anakuja kwenu. Mimi siku hiyo nilikuwa namwogesha mama yake."

Upande wa pili Mtangazaji alianza kulia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo.

"Ameshanivalisha pete," akasema. "Baba yangu ameshawaambia ndugu. Dada, wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Nimekusikia ukiniulizia. Wewe ndiye pekee uliyenikumbuka mle ndani."

Saa sita na robo Fundi aliingia akihema, funguo mkononi.

"Enhe, umekipata?"

"Cha kumi na tisa."

"Cha nani hicho?"

"Hakina jina. Kaa usikilize."

Akaketi, akavaa. Nesi alisimama dirishani, akamtazama uso. Kwanza paji likakunjamana, kisha midomo ikaachana, kisha macho yakashuka sakafuni yasipande tena. Akavua hedifoni taratibu.

"Hebu nikueleze."

"Eleza."

Fundi akaizungusha hedifoni mikononi.

"Kutembea nje ningekuelewa," Nesi akasema. "Ningelia, ningegomba, pengine ningekaa. Lakini kwa nini uniue?"

"Aliuliza kama nina mke. Nikasema ninaye... nilikuwa naye. Likanitoka tu. Baadaye nikashindwa kulirudisha."

"Ukaongeza na figo."

"Ulikuwa hupo, Nesi. Hata ukiwepo unakuwa umechoka. Unarudi, unalala. Nyumba imekuwa kama wodi."

"Nimechoka kwa kazi ya nani? Mama ni wa nani?"

Fundi akaziweka funguo mezani.

"Sauti ile," Nesi akaendelea, "ile uliyomwambia nayo atulie. Mara ya mwisho kuisikia nilikuwa bado navaa sare. Leo nimeisikia kwenye masikio ya mtu mwingine, na ndiyo iliyoniumiza kuliko hayo mengine yote."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Wewe umeshanizika. Mimi naondoka tu makaburini."

Alichukua mkoba wake. Mlangoni Fundi alimshika kiwiko, si kwa nguvu. Nesi akakitazama kile kiganja mpaka kikaachia.

Dada yake Nesi alimfungulia mlango wa nyumba yake akiwa na unga mikononi.

"Jamani, mchana huu? Kuna nini?"

"Nitakwambia. Kwanza nataka kulala."

Dada hakuuliza la pili. Alimtandikia chumba cha watoto, akashusha pazia, akawafukuza wanawe wakachezee nje.

Alipoamka jua lilikuwa limeinama na simu ilikuwa na jumbe mbili. Wa kwanza wa Mtangazaji: "Dada, pete nimemrudishia mkononi, baba akiona. Nisamehe kwa nisiyoyajua."

Akajibu: "Huna deni kwangu. Pole na wewe."

Wa pili ulikuwa wa Fundi, mrefu. "Mke wangu, rudi tuyamalize kikubwa, kila ndoa ina mitihani. Mama ameanza kukuulizia, sijui nimjibu nini. Halafu mteja anataka kazi kesho, na sina mtu wa kunisaidia kupima upya."

Aliusoma mara mbili, polepole, akitafuta neno samahani. Hakuliona. Akampigia mama mkwe, akamweleza mwenyewe, wakalia wote wawili. Kisha akamwita dada yake aje akae kitandani, akaanza kumsimulia.