Siku ya Arobaini na Moja

Mkono wa kulia wa Ambakisye ulikuwa ukikanda unga, na mwenyewe aliutazama kama anayetazama mkono wa jirani. Kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole alivishwa kitambaa chembamba cha kijivu, kilichofumwa kwa nyuzi zenye hisi. Wataalamu walikiita mkono-mwalimu. Kilizisikiliza amri dhaifu za ubongo, zile ambazo kiharusi kilikuwa kimezikatia njia, kisha kikazikamilisha kwa kuisukuma misuli. Kila ubongo ulipoona amri yake imetiiwa, ulijichongea njia mpya, na kitambaa nacho kikapunguza msaada.

Ulikuwa mwaka 2094, katika kituo kimoja cha tiba ya viungo jijini Mbeya. Mhandisi Tumpale, aliyekibuni kifaa hicho, alikuja siku hiyo kukiona kikifanya kazi. Ambakisye alikuwa ameoka mikate Mwanjelwa kwa miaka thelathini kabla ya kuanguka, na hii ilikuwa siku yake ya arobaini na moja ya tiba. Vidole vitatu vilikuwa vimeanza kujikunja vyenyewe. Alimwambia Tumpale kwamba unga wa leo umemkubali.

Saa nne na robo asubuhi kitambaa kililegea ghafla. Mkono ukadondoka juu ya unga, ukatulia.

"Kimeharibika?" Tumpale aliuliza.

"Hapana, mhandisi," alijibu Nsekela, muuguzi wa zamu. "Siku zake arobaini za bima zimetimia saa hii."

Akamweleza kwamba wenye Bima Pana hupewa siku mia, wenye Bima ya Msingi arobaini. Kikomo hicho kiliwekwa na Mkadiriaji, akili mnemba ya kampuni ya bima, ambayo iliruhusiwa kumwongezea siku mgonjwa yeyote ikiona atafaidika. Nsekela alikuwa ameomba mara nyingi. Hakuwahi kukubaliwa hata mara moja.

Tumpale aliingia ofisini akamuuliza Mkadiriaji mwenyewe. Sauti ilikuwa ya upole. Ilisema kumbukumbu za wagonjwa elfu nne na mia mbili wa Bima ya Msingi zinaonyesha kuwa hawapigi hatua baada ya siku ya arobaini, kwa hiyo kuwaongezea siku hakuna manufaa.

Tumpale alizijua kumbukumbu hizo. Zilitoka kwenye vitambaa vyake.

"Kati yao," aliuliza, "ni wangapi walioendelea kukivaa kifaa baada ya siku hiyo?"

"Hakuna."

Mashine haikusema uongo. Ilifundishwa kwa kumbukumbu za watu walionyang'anywa tiba, ikahitimisha kuwa tiba haiwafai. Wala haikuwa peke yake. Katika ripoti yake mwenyewe, ile iliyompatia sifa, Tumpale aliandika kwamba wagonjwa hao "hukwama mapema", akakisia kuwa sababu ni umri, kuchelewa kufika hospitali, hata uvivu wa mazoezi. Bima hakuifikiria kabisa.

Alirudi chumbani akakifungua kitambaa kwa ufunguo wa mbunifu, akaandika jina lake kwenye daftari la zamu ili lawama zisimwangukie Nsekela. Ambakisye alimuuliza kama hatapata matatizo.

"Huenda nikayapata, baba," alisema. "Wewe kanda tu."

Kabla ya wiki kwisha aliwafungulia wagonjwa wengine kumi na saba. Kampuni ya vifaa iliyomwajiri iliposikia ilimwita, ikamsimamisha kazi. Lakini mkuu wa kituo alikataa kuwavua wagonjwa vifaa, na Nsekela aliendelea kuandika maendeleo yao kila siku. Siku ya sitini na nane Ambakisye alikanda unga bila kitambaa, polepole, jasho likimtoka. Kumi na wanne kati ya wale kumi na wanane walikuwa bado wanapiga hatua. Mkadiriaji alipopewa kumbukumbu hizo hakubishana. Aliongeza kikomo hadi siku mia kwa wote.

Tumpale alirudishwa kazini, watu wakampongeza. Yeye akaomba orodha ya wale elfu nne na mia mbili. Madaktari walimwonya kwamba baada ya miaka kupita, ubongo hujifunza kwa shida, na wengi wao wangepata kidogo tu.

Jina la kwanza lilikuwa la Bi. Enesia Sanga, mwalimu mstaafu wa Makambako. Tumpale alimkuta amekaa barazani, vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja kiganjani tangu miaka mitatu iliyopita. Alimsimulia yote, na ripoti yake hakuificha.

"Niliambiwa nimefika mwisho wa uwezo wangu," alisema Bi. Enesia. "Wanangu waliponihimiza nifanye mazoezi, niliwafukuza. Miaka yote hii nimejiona mzembe."

Tumpale alimwomba radhi, akatoa kitambaa cha kijivu mkobani. Akamwambia pia, bila kupamba maneno, kwamba huenda mkono usirudi.

"Nimekusikia," alisema Bi. Enesia. Akaubeba mkono wake mbovu kwa ule mzima, akauweka juu ya magoti ya mgeni wake. "Basi anza."