Wa Nyuma ya Mlango wa Santina

Maji ya mtungi wa Ezbon yalipungua mchana, nyumba ikiwa na kufuli na mwenyewe yuko kazini. Hakuwa na mke wala mtoto wa kusingizia. Tangu arudi Juba kutoka Uganda mwaka wa sabini na tatu, bwana afya huyu alikula peke yake, na kila jioni alifungua mlango wake bila kupiga hodi, maana ndani hapakuwa na wa kuitikia. Aliukagua mtungi, hauvuji. Lakini kikombe alichokiacha kikavu kilikuwa kimelowa ukingoni.

Siku chache nyuma alikuwa amekagua kilabu cha Santina, mjane anayepika kwete, pombe ya nafaka, kule mtaa wa Juba Na Bari. Vibuyu vilisuguliwa, choo kilifagiwa. Ila kabla ya kumpa mteja wa kwanza, Santina alimwaga pombe kidogo sakafuni, nyuma ya mlango.

"Mama, hiyo inaita inzi," Ezbon alisema. "Ukimwaga tena, nafunga kilabu."

"Hii si ya inzi, ustaz. Ni ya yule iko nyuma ya mlango."

Ezbon alicheka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Sasa, nyumbani kwake, alianza kumsikia mtu asiyemwona. Kwanza funda moja, kisha kikombe kuwekwa chini taratibu, kisha harufu ya nguo zilizolala porini ikatanda chumbani, na jioni moja alipoketi kula, kiti cha pili, ambacho hakuna aliyekikalia tangu akinunue, kikasogea, kikalia kwa uzito, na asiyeonekana akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetembea mbali, na Ezbon, midomo yake ikipasuka kwa ukavu ingawa alikunywa maji kutwa, akajikuta anasogeza sahani katikati ya meza.

Kesho yake alikwenda kwa Santina.

"Ni nani?" alinong'ona.

"Lodu. Yeye ilikufa na kiu huko porini, wakati watu ilikimbia vita. Hakuna mtu ilizika yeye." Santina alimtazama usoni. "Wewe ilikataza pombe yake hapa, sasa iko kwako. Maji ya mtungi haitamtosha, ustaz. Itakunywa wewe. Angalia mdomo yako."

Akamjazia kibuyu cha kwete. "Mwaga kidogo hapa nyuma ya mlango, ita jina yake. Itarudi kwangu. Mimi itamtunza."

Ezbon alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Aliogopa kufa, tena sana. Lakini alikifikiria kile kiti kikirudishwa ukutani, na wali wa mtu mmoja ukipoa, na hofu hiyo ikawa kubwa kuliko ile. Akakinywa kibuyu chote, hadi tone la mwisho.

"Sheria ni sheria, mama," alisema bila kumtazama. "Usimwage."

Santina alirudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

Ezbon alifika kwake jua likizama. Kufuli lilikuwa bado mlangoni, kama alivyoliacha. Alitoa ufunguo, akasita, akagonga.

"Hodi," alisema.

"Karibu," ikajibu sauti kavu kutoka ndani.