Sauti ya Kando ya Mto

Redio ile ilikuwa na joto, na haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Nzisa aliigusa kwa kiganja akadhani ni jua la dirishani, ila dirisha la duka lilikuwa upande wa pili.

Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika zahanati moja ya Kitengela. Alilala mchana, wakati wachimba mawe wanalipua baruti. Tangu binti yake Waruguru afariki kwa nimonia akiwa na miaka sita, usingizi ulikuwa umemhama kabisa, ndipo akaamua kununua redio ndogo ya muziki ya kuweka karibu na kitanda.

Kisemei, mwenye duka, alimwonyesha kwanza wufa kubwa, zile spika za muziki mzito, kisha mwenyewe akakiri kwamba hizo ni za sherehe. Ya chumbani inatakiwa iimbe vizuri hata ikipunguzwa sauti. Akawasha tatu ndogo kwa zamu, wimbo uleule. Moja ilikwaruza. Nyingine besi yake ilitetemesha rafu. Ile yenye joto, kasha la mbao na spika mbili zisizozidi kisahani cha chai, iliimba kama mtu aliyeketi karibu.

"Hiyo imerudishwa hapa mara mbili," Kisemei alisema bila kumtazama. "Lakini haina shida. Ni watu tu."

Nzisa akaichukua.

Wiki ya kwanza alilala kama gogo. Wiki ya pili, mchana mmoja, wimbo uliisha na mwingine haukuanza. Akasikia pumzi, kisha sauti nyembamba: "Mami, umelala?"

Aliijua. Akaizima redio; taa yake ikafa, sauti isife. Chumba kilinuka udongo uliotoka kuchimbuliwa. Mwingine angekimbia. Nzisa alisogeza mto karibu na spika, akajibu, "Sijalala, mwanangu."

Ikawa hivyo kila mchana. Sauti haikusimulia chochote, iliuliza tu. Ilitaka kujua Waruguru alikuwa anacheka vipi, aliogopa nini, alipenda kulala upande gani. Nzisa akaeleza yote, na kila alichokieleza kilimtoka kama maji mtungini, wala hakuchungulia kuona kilichobaki. Akaacha kula. Akaacha kazi. Jioni moja mumewe Bedan, dereva wa lori la mawe, alitaja wimbo ambao mtoto alikuwa akiimba akiogeshwa, na Nzisa akatabasamu kwa adabu, kama mgeni anayesimuliwa habari za ukoo wa wenyeji.

Siku lori lilipoharibika, Bedan alirudi saa saba mchana. Nzisa alisikia hatua zake uani, zikasimama ghafla, kisha mlango ukafunguka polepole na uso wa mumewe ulikuwa umepauka kama majivu, kwa maana sauti haikunyamaza alipoingia bali iliendelea kuuliza, kwa upole uleule, Mami nilikuwa nalia vipi, na alipong'oa waya ukutani ikauliza tena, na alipoibeba redio kuitupa nje, sauti ikabaki palepale juu ya mto, ikauliza mara ya tatu, karibu kabisa na sikio la mkewe.

Kesho yake alimleta Yeyo Lemein kutoka Kajiado, mama mzee wa maombi ambaye watu walimwita mambo kama haya yakiwafika. Yule mama aliwasha vijiti vya oloirien, mti ambao kwao hufukizia vibuyu vya maziwa, akamshika Nzisa mikono.

"Mtoto alikuwa anakuita nani?"

"Mami."

Bedan aliinamisha kichwa. "Hapana," akasema polepole. "Alikuwa anakuita Mwaitu, kwa Kikamba chenu. Hakuwahi kukuita Mami hata siku moja."

Juu ya mto kitu kikacheka, na hakikuwa kicheko cha mtoto.

"Hiyo ni jini," Yeyo alinong'ona. "Imekuwa ikikula. Niko na uwezo wa kuitoa, lakini itaenda na chenye imekula."

"Iache," Nzisa akasema. "Nakuomba, Yeyo. Iache."

"Itoe," Bedan akasema.

Yeyo aliomba kwa Kimaasai mpaka moshi ukawachoma macho. Sauti ikabembeleza, ikalia, mwishowe ikakohoa kile kikohozi cha usiku wa mwisho hospitalini, na Nzisa akapigana nao wote wawili, akawauma, akawaita wauaji, mpaka ikakatika katikati ya neno. Harufu ya udongo ikaisha papo hapo.

Nzisa amerudi kazini. Anakula, ananenepa, na majirani wanamsifu Mungu. Na mumewe huzungumza naye mambo ya chakula na maji tu. Jumapili iliyopita Bedan alitafuta kwenye simu video ya zamani, akaketi kando yake, akaiwasha. Mtoto alikuwa kwenye beseni, anaimba. Bedan alilia hadi mabega yakatikisika.

Nzisa aliinamia simu, akasikiliza mpaka mwisho, akamwomba airudie, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtoto wa watu.