Kidonda Alichokishonea Bitana

Fundi alishona sare za walinzi. Tangu asubuhi cherehani yake ililia kibarazani, na mdomo wake haukubaki nyuma. Hakupita mtu bila kutaniwa.

Ila suruali zake alianza kuzifua mwenyewe. Mkewe akashangaa. Miaka ishirini ya ndoa hajagusa beseni, leo kulikoni?

Siku moja mke alizianua yeye. Ndani, kwa mbele, aliona bitana ya kitambaa kizito, mikunjo mitatu. Ilikuwa na doa la damu.

"Baba watoto, siku hizi unavaa nepi?"

Fundi hakucheka. Aliketi kitandani, macho chini.

"Nina kidonda, mama. Kwenye uume, chini ya govi. Kina mwaka."

"Mwaka! Na mimi nalala chumba gani?"

"Nilidhani ni gono. Ungesema nina mwanamke nje. Nikameza vidonge vya dukani, nikapaka mafuta."

Kesho yake walikwenda hospitali. Alikatwa kinyama kidogo kwenye kidonda, kikapelekwa maabara. Daktari alimpapasa kinenani, akakuta tezi zimekuwa ngumu.

Majibu yalipotoka, muuguzi mmoja mama mtu mzima aliwaita pembeni.

"Ni saratani, fundi. Si gono."

"Sista, nieleze taratibu. Mimi shule yangu ni cherehani."

"Haya, kitendawili."

"Tega."

"Mwizi kaingia ndani, mlinzi anampigia saluti."

"Kavaa sare ya mlinzi," fundi alijibu hapo hapo.

"Umepata. Damu yako ina walinzi wanaoua kitu kibaya mwilini. Saratani nyingine hujivisha protini ya kuwahadaa, wakaiacha ipite. Yako imepimwa. Inayo nyingi."

Sare hiyo fundi hakuishona yeye.

"Maana yake nakufa?"

"Sisemi hivyo. Mara nyingi yenye protini nyingi huwa kali na husambaa upesi. Si hukumu, ni onyo. Tutakata sehemu ya uume, baadaye tutatoa hizo tezi, na tutakuangalia kwa karibu."

"Ningekuja mwaka jana?"

"Kingekuwa kidonda kidogo, baba. Kidonda cha huko kisipopona wiki mbili, tatu, mtu aje. Asione haya."

Mkewe alitoka nje. Walimsikia akilia ukutani.

Jioni ya siku aliyokatwa, kaka yake fundi alikuja wodini na utani wake. "Mdogo wangu, nasikia wamekupunguza. Sasa nikuite nani?"

Fundi alimweleza yote, bila kuficha. Kaka akatazama viatu vyake.

"Mimi nina kipele," alinong'ona. "Mwezi wa pili huu."

"Wapi?"

"Huko huko."

"Inuka. Sista yuko mlango wa tatu."

"Leo? Nitamwambia nini mwanamke yule?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi. Inuka, kaka!"

Kaka alipimwa. Ilikuwa saratani, lakini changa, haijazama. Ikakatwa kidogo tu. Sasa, kwa agizo la sista, huosha chini ya govi kila siku, huenda kuangaliwa kila anapoitwa, na sigara ameacha.

Tezi za fundi zilitolewa. Baada ya miezi minne, kinena kikavimba tena. Cherehani imefunikwa shuka.

Siku kaka alipoambiwa kwamba hana tena ugonjwa, alikaa kando ya kitanda cha mdogo wake. Machozi yalimtoka kwa aibu ya kupona.

Fundi alimsogezea kitambaa.

"Jifute," alisema. "Angalau mmoja wetu aliwahi."